Buti za Leland

Orrin hakuwa na wivu wa watu. Hilo alilisema mwenyewe, na waliomjua pale mjini Schenectady walimwamini. Mumewe Casimir, ambaye kila mtu alimwita Caz, akiingia kucheza dansi na mwanaume mwingine, Orrin alishika glasi zao mbili akangoja. Caz akibusiwa shavuni, au hata mdomoni, Orrin aliangalia kama mtu anayeangalia mvua inayonyesha kwa jirani. Walikubaliana tangu kabla ya ndoa: kucheza ruhusa, kubusu ruhusa, kulala kila mtu na wake.

Wivu wa Orrin ulikuwa wa buti.

Tena si zile buti za gereji, maana Caz alikuwa fundi wa mabasi ya shule na buti zake za kazi zilinuka dizeli hata ukiziacha barazani. Hizi zilikuwa buti ndefu nyeusi za kufika chini ya goti, zilizoshonwa kwa mkono. Caz aliachiwa na Leland, mzee aliyemlea katika mambo ya ngozi, yaani ule udugu wa wanaume wapendanao ambao vazi lao la heshima ni la ngozi ya ng'ombe, miaka ile maradhi yalipokuwa yanafagia wanaume wa aina yao mtaa mzima mzima. Leland alizivaa mpaka hakuweza tena kusimama, na siku ya mwisho akaomba avuliwe pale pale kitandani hospitalini, akamkabidhi Caz mkononi. Ndivyo mambo yalivyo kwa watu wa ngozi. Kitu cha heshima hukinunui dukani. Kofia unavikwa na aliyekutangulia, na buti za marehemu unakabidhiwa, na wewe siku yako ikifika unamkabidhi mwingine.

Orrin alipohamia kwa Caz alianzia chini kama anavyoanza kila mtu, maana kwao kutunza buti za mtu ni heshima inayopandwa ngazi kwa ngazi. Majira mazima ya baridi, kila Jumapili, alitandaza magazeti sakafuni jikoni akakwangua grisi kwenye buti za gereji, Caz amekaa kitini na kahawa yake. Halafu Jumapili moja Caz akainuka, akaenda chumbani, akarudi na buti za Leland na kuziweka juu ya gazeti. Hakusema shika, hakusema nakuamini. Aliziweka tu, akazivaa, akaegemea kiti na kufumba macho, na Orrin akapiga magoti akaanza. Baadaye walifunga ndoa ya halali mbele ya karani wa mji, na mama yake Orrin alilia mpaka leso ikalowa. Lakini ukimwuliza Orrin moyoni mwake ndoa yao ilifungwa lini, ni ile Jumapili ya jikoni.

Sasa mwaka wa kisa hiki, mwezi wa tatu, Caz alishinda cheo. Alisimama jukwaani na wenzake watano, akaulizwa maswali, akasema juu ya Leland, na mwisho wakamvisha utepe mpana wa ngozi unaokatiza kifua, umeandikwa kwa herufi za fedha: Bwana Ngozi wa Bonde la Mohawk. Cheo ni cha mwaka mmoja. Mwenye cheo anatembelea miji mingine, anachangisha kwa ajili ya wagonjwa, anasalimia watu, anapigwa picha.

Orrin alipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Lakini huwezi kupiga makofi mwaka mzima. Simu zikaanza kulia wakati wa chakula. Watu ambao zamani waliwasalimu wote wawili wakaanza kumsalimu mmoja. Kwenye sherehe mtu anakuja na simu yake, anamwambia Orrin kwa upole kabisa, kaka, sogea kidogo nimpate Mheshimiwa pichani. Orrin anasogea. Tena Caz alikuwa na kifuko cha beji ndogo za chuma zenye jina la cheo chake, akimpa kila aliyekutana naye, na kizibao cha Orrin hakikuwa na hata moja. Alipotania siku moja kwamba yeye peke yake ndiye hajapewa, Caz alicheka akasema, wewe ni wa nyumbani bwana, beji ya nini. Caz alidhani amemsifu.

Orrin alilimeza hilo. Akajiambia, mimi nina buti.

Mwezi wa kumi Caz akaalikwa Montreal, ng'ambo ya mpaka, kwa wikendi ya watu wa ngozi wa huko. Walitoka Ijumaa asubuhi kwa gari, wakapanda kaskazini katikati ya milima, majani yamegeuka rangi yote. Buti za Leland zilikuwa kiti cha nyuma ndani ya mfuko wake wa kitambaa, zimefungwa mkanda wa usalama kama mtoto, maana ndivyo Caz alivyosafiri nazo. Orrin aliendesha. Caz alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu na kucheka peke yake. Kila alipocheka Orrin aliuliza nani huyo, na kila mara Caz alimtajia jina tofauti, bila kuficha, na kila jina lilikaa kwenye koo la Orrin kama mfupa wa samaki.

Mwenyeji wao alikuwa na baa iitwayo Fuawe, kwenye mtaa ule ambao watu wao wameushika tangu zamani. Jioni hiyo ilijaa mpaka mlangoni. Wanaume wazito wa umri wa kati wenye vizibao vya ngozi, vijana wenye mikanda kifuani, harufu ya bia na ngozi iliyopata joto la miili, muziki unaopiga chini ya nyayo. Caz alipoingia na utepe wake, watu walimpokea kwa vifijo. Akacheza na huyu, akakumbatiwa na yule. Orrin akashika glasi mbili. Mzee mmoja aliyesimama karibu naye alimwangalia, akamuuliza kama yeye ndiye mke wa utepe. Ni utani wa kawaida, kila mwenzi wa mwenye cheo huitwa hivyo. Orrin akasema ndiye.

"Pole shoga," mzee akamwambia. "Wangu alikuwa na cheo mwaka ule wa dhoruba ya barafu. Umeme ulikatika mji mzima, na bado alitaka watu wamuone."

Orrin akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Angekaa na mzee yule tu, jioni yote, yasingetokea yaliyotokea.

Pembeni ya baa palikuwa na kiti kirefu cha mbao juu ya jukwaa dogo, na chini yake kijibenchi, na kwenye kijibenchi mtu anayeitwa Ghislain. Alikuwa mpiga buti rangi wa Fuawe kwa miaka mingi, mwenye ndevu za mvi, aproni ya ngozi na mdomo usiofungwa. Huyu hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alijisifu kwa sauti, alitukana viatu vya watu, na watu walipanga foleni watukanwe. Kila mwenye cheo anayetoka nje hukalishwa kwenye kiti kile, apigwe buti rangi mbele ya watu wote. Ni heshima ya nyumba, na kuikataa ni kama kutema chakula cha mwenyeji.

Caz akapandishwa kitini. Ghislain akazitazama buti, na kwa mara ya kwanza usiku ule akapunguza sauti.

"Hizi nani anazitunza?"

Caz akanyoosha kidole kwa Orrin. Ghislain akainuka kwenye kijibenchi chake, akapasua watu mpaka mbele ya Orrin, brashi ikiwa kifuani, kama inavyotakiwa. Maana buti za namna hiyo zina mwenye kuzivaa na zina mwenye kuzitunza, na mpiga rangi mwenye adabu hamgusi wa kwanza bila idhini ya wa pili. Akamwomba ruhusa. Akamwomba vizuri, mbele ya wote, na watu wakageuka wakamwangalia Orrin, tangu asubuhi ndiyo mara ya kwanza.

Hapo Orrin angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kusema, naomba nifanye mwenyewe, akapiga magoti pale pale na watu wangeshangilia. Angeweza hata kusema ndiyo, lakini zitunze. Lakini alikuwa amejaa tangu mwezi wa tatu, na aliyejaa hasemi anachotaka, anasema kinachouma. Akainua bega moja.

"Fanya tu," akasema. "Ni buti tu."

Ghislain akamtazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kule juu kitini, Caz alikuwa amesikia. Uso wake ulibadilika, halafu akaurudisha.

Basi Ghislain akafanya kazi. Orrin alijua kazi hiyo, na kwa sababu aliijua aliona kila kitu. Aliona kwamba Ghislain anapaka dawa kwa vidole vitupu ili joto la ngozi yake liiyeyushe. Aliona anavyoshika kisigino kwa kiganja, bila kukibana. Alisikia akisema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba buti zimetunzwa vizuri sana, ila hapa kwenye mkunjo wa juu ya mguu zina kiu, aliyezitunza anaogopa mafuta. Watu wakacheka. Orrin naye akacheka, meno tu. Halafu kitambaa kikaanza kuvutwa huku na huku, na ncha za buti zikatoa mng'ao mweusi wenye taa za baa ndani yake, mng'ao ambao Orrin kwa Jumapili zote zile hakuwahi kuupata.

Na Caz akaegemea kiti, akafumba macho.

Hilo ndilo lililomvunja Orrin. Macho yale yalifumbwa jikoni tu. Alijua ndani yake kwamba mtu akishikwa miguu vizuri macho hufumba yenyewe, hata mbwa hufumba. Lakini alichoona ni jiko lake limehamishwa na kuwekwa katikati ya baa, na mtu mwingine amepiga magoti mahali pake. Kazi ilipokwisha Caz alishuka, akatoa beji kwenye kifuko, akambandika Ghislain kwenye aproni, wakakumbatiana. Waliporudi hotelini Caz alisema mambo mengi ya furaha, na Orrin akajibu kwamba amechoka.

Jumamosi mchana wenye vyeo wote walialikwa kula pamoja, kabla ya onyesho la jioni ambalo wangepanda jukwaani mmoja mmoja. Caz akamwomba Orrin waende wote, akamwomba mara mbili. Orrin akasema kichwa kinamuuma. Caz akabusu hicho kichwa, akavaa raba zake kwa sababu kulikuwa na mvua na buti za Leland haziendi mvuani, akatoka.

Buti zikabaki karibu na dirisha, zimesimama wima, zinang'aa.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, Bi Verna, ambaye huwa hawezi kupitisha siku kama mwanawe amevuka mpaka. Akauliza kama wamekula, kama kitanda hakina kunguni, kama huko kuna baridi. Halafu akauliza Caz yuko wapi, na Orrin akasema ametoka na marafiki zake. Alivyosema hilo neno marafiki, mama akaacha habari za baridi. Mama anasikia kitu ambacho mtoto hajakisema.

"Mwanangu, baba yako alikuwa ananusa koti langu kila nikitoka kwaya," akamwambia. "Unakumbuka?"

"Mama, si hivyo."

"Koti lilinuka kanisa. Miaka yote ile lilinuka kanisa. Na alivyozidi kunusa ndivyo nilivyozidi kuchelewa kurudi. Usifanye kitu leo. Kunywa chai ulale. Unanisikia? Usifanye kitu chochote leo."

Orrin akasema anasikia. Akamwambia anampenda. Akakata simu, akaenda dirishani, akainama, akanusa buti.

Zilinuka kitu kigeni, nta yenye harufu ya miti kama mierezi. Si harufu ya jikoni kwao. Akasema moyoni, nitaiondoa hii tu. Nitaiondoa hii ya mtu mwingine niweke yangu, na jioni Caz atapanda jukwaani na mng'ao wangu. Ewe unayesoma, ukijiona unafanya jambo la haraka chumbani peke yako huku unasikiliza kama mlango unafunguliwa, liache hapo hapo lilipofika. Orrin hakuliacha. Akachukua sabuni ya ngozi kwenye begi lake akasugua. Ile nta ya Ghislain ilikuwa imeingia ndani, haikutoka. Akashuka mvuani mpaka duka la dawa pembeni, akanunua chupa ya spiriti, akarudi, akamwaga kitambaani akasugua tena. Sasa ikatoka. Ikatoka na rangi, ikatoka na mafuta yote ambayo mikono ya Leland na ya Caz na yake mwenyewe ilikuwa imeyalisha buti zile. Ngozi ikawa ya kijivu, imelowa, inatisha kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

Bado ingeweza kupona. Ngozi iliyolowa unaiacha kwenye kivuli ikauke yenyewe, siku nzima, hata mbili, unailisha kidogo kidogo. Orrin alijua hilo kuliko anavyojua namba yake ya simu. Lilikuwa jambo la kwanza Caz kumfundisha, na la kwanza Leland kumfundisha Caz: ngozi haikaushwi kwa moto, si jiko, si jua kali, si hita ya gari. Mtoto wa jana katika mambo yao analijua. Lakini onyesho lilikuwa jioni hiyo, na Caz angerudi wakati wowote, na ukutani bafuni kulikuwa na mashine ya kukaushia nywele.

Akasema kidogo tu.

Akaanza kwa mbali, hewa ya uvuguvugu. Haikauki. Akasogeza. Akabonyeza kitufe cha moto zaidi. Alikuwa anapuliza buti ya kushoto, pale pale kwenye mkunjo ambao Ghislain alisema una kiu, na mkono wake wa pili uko ndani ya buti kama mguu. Kwanza ngozi ilikakamaa chini ya vidole vyake. Akaikunja kidogo kuilainisha. Akasikia sauti ndogo, kama biskuti.

Akazima mashine. Ufa ulikuwa umekatiza juu ya mguu kutoka upande hadi upande, na ndani ya ufa ngozi ilikuwa ya kahawia kama mkate.

Caz alimkuta sakafuni, buti mapajani, anajaribu kujaza ufa kwa dawa nyeusi kwa kidole. Caz alikuwa amelowa mabega na mkononi ana mfuko wa karatasi wenye mikate ya duara ya ufuta, bado ya moto, maana alipita makusudi kwenye tanuri la mtaa wa mbali kumnunulia mgonjwa wake. Akasimama. Akaona chupa ya spiriti. Akaona waya wa mashine umetoka bafuni mpaka katikati ya chumba.

"Kwa moto, Orrin?" akauliza.

Orrin akajaribu kueleza. Akasema ilikuwa harufu, akasema alitaka tu kuiondoa, akasema wewe ulifumba macho. Akasema juu ya picha na beji na kaka sogea kidogo. Yote yakatoka kwa pamoja, mengine yalikuwa na haki na mengine ya kitoto, na yote yalichelewa. Caz akaketi ukingoni mwa kitanda na mfuko wa mikate bado mkononi. Hakupandisha sauti, na Orrin aliomba moyoni aipandishe.

"Jana alikuja kukuomba," Caz akasema. "Mbele ya watu wote alikuja kwako, si kwangu. Nikajisemea kule juu, sasa watamjua ni nani. Sasa watajua kwamba bila huyu mimi natembea pekupeku." Akapangusa maji usoni. "Na wewe ukasema ni buti tu."

Mikate ikapoa.

Jioni ile Bwana Ngozi wa Bonde la Mohawk alipanda jukwaani na utepe wake, suruali yake ya ngozi, na raba za bluu zenye matope. Watu wakacheka, mmoja akapaza sauti kumuuliza kama amekimbia mwenye nyumba. Caz akacheka nao, akasema wenzake wamekuja na ngozi, yeye amekuja na mbio. Alikuwa mzuri jukwaani hata hivyo. Hakusema buti ziko wapi. Alimficha Orrin mbele ya umati wote ule, na Orrin, amekaa nyuma kabisa na glasi moja, aliona ni afadhali angetajwa jina.

Jumapili asubuhi Caz akasema lipo jambo moja la kufanya kabla ya kuondoka, akaweka buti kwenye mfuko wake wa kitambaa, akampa Orrin abebe. Orrin alijua wanakokwenda kabla hawajakata kona.

Ghislain aliishi juu ya baa. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, na chumba cha nyuma kulikuwa na mwanaume mkubwa ananyoa huku akiimba. Ghislain aliitoa buti ya kushoto mfukoni akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mdomo ule usiofungwa ukafunga. Akapitisha kidole kwenye ufa, akanusa, akajua spiriti, akajua moto.

"Mashine ya nywele?"

"Ndiyo," Orrin akasema.

"Kwa ajili yangu?"

Orrin akatazama sakafu. Kule nyuma yule mwanaume mkubwa akapita mlangoni kwa magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na pini, akawasalimia na sabuni bado shavuni, akaenda zake.

"Yule ndiye bwana wangu," Ghislain akasema. "Ana mguu mmoja na unanimaliza. Sasa miguu miwili ya Mheshimiwa wako ningeipeleka wapi?"

Caz alicheka, hakuweza kujizuia. Orrin alitamani sakafu ifunguke. Siku mbili alikuwa amemjenga mtu kichwani, amempa tamaa na hila, na mtu mwenyewe kumbe ana buti moja tu ya kung'arisha nyumbani kwake, na inamtosha.

Ghislain akaeleza. Zinaweza kuokolewa, ila hazitakuwa zile. Zitalishwa mafuta pole pole kwa majira mazima ya baridi, zitatiwa kiraka kwa ndani, ufa utashonwa na alama yake itabaki daima. Haziwezi kusafiri hivyo zilivyo. Na akasema hawezi kuzipokea kwa Caz. Zipokelewe kwa aliyekuwa akizitunza, kama ada ilivyo, azikabidhi kwa mkono wake na kwa mdomo wake.

Caz akasogea pembeni. Orrin akazishika buti kwa mikono miwili, moja ikiwa ngumu na moja laini. Alitaka kusema samahani lakini siyo neno lililotakiwa pale.

"Nakukabidhi," akasema, akazinyoosha mbele.

"Nimepokea," Ghislain akasema, na hakutania.

Mpakani afisa aliinama dirishani akauliza kama wanaleta kitu chochote. Caz akajibu kwamba hawakuleta kitu. Mfuko wa kitambaa ulikuwa kiti cha nyuma, mtupu, na kwa mazoea mtu alikuwa ameufunga mkanda. Milima ikapita, ile ile, majani yale yale. Mama alipiga simu mara mbili na Orrin hakupokea. Mara ya tatu Caz ndiye aliyepokea, akamwambia Bi Verna kwamba wako njiani, wamekula, ndiyo, mwanao yuko mzima.

Jumapili iliyofuata Orrin alishuka jikoni mapema, akatandaza magazeti sakafuni kwa mazoea, kisha akasimama akiyaangalia. Akachuchumaa kuyakunja. Hapo akasikia mlango wa baraza, na harufu ya dizeli ikaingia kabla ya mtu. Caz akaweka buti za gereji juu ya gazeti, zina grisi mpaka kwenye kamba. Akamimina kahawa yake. Akakaa.

Orrin alisubiri kuona kama atafumba macho. Caz alikuwa akitazama dirishani, macho wazi, upande wa kaskazini, au pengine ni theluji tu alikuwa anaitazama, ya kwanza mwaka huo. Orrin akajiuliza saa hii kule juu ya baa nani ameshika kisigino cha buti za Leland, na kwa kiganja au kwa vidole, na swali likamchoma pale pale lilipozoea kumchoma. Akaliacha limchome. Akavuta buti ya kwanza, akachukua kisu butu, akaanza kukwangua grisi.